Jinsi ya kupata takwimu za ajira za mkoa wako kwa ajili ya biashara (na mtego wa Mbeya na Songwe)

Wiki iliyopita nilikaa na dada mmoja mwenye bekari hapa Mwanjelwa, Mbeya, benki imemwambia kwenye andiko lake la mkopo aonyeshe "hali ya soko la ajira mkoani". Alikuwa ameshaandika, ila ukisoma alichoandika ni kama Mbeya watu wanahama kwa kasi. Nikacheka, maana shimo hilohilo na mimi nilishaingia nikapoteza siku nzima. Naandika hapa nisirudie kueleza kila mtu.

Hatua ya 1. Andika swali lako. Moja tu. La dada lilikuwa: nitapata waokaji 12 kwa mshahara gani, na miezi gani watanikimbia? Ukiingia na "natafuta takwimu za ajira" utatoka na mafaili kibao na jibu huna.

Hatua ya 2. Shusha mafaili. Tovuti ya NBS (Ofisi ya Taifa ya Takwimu). Utafiti wa nguvu kazi (yaani wenye kazi na wasio na kazi) wa 2020/21, wa 2014, na sensa za 2012 na 2022.

Hatua ya 3. Angalia mipaka ya mkoa. Hapa ndo penyewe, soma polepole.

Sensa ya 2012 inasema Mbeya ina watu 2,707,410. Sensa ya 2022 inasema 2,343,754. Ukiziweka pamoja unaona watu zaidi ya laki tatu na nusu wamepotea, afu unaanza kutunga sababu, mara vijana wamekimbilia Dar, mara kilimo kimekufa. Hakuna aliyekimbia. Mwaka 2016 mkoa wa Songwe ulikatwa kutoka Mbeya, ukaondoka na Mbozi, Ileje, Momba, Tunduma na wilaya ya Songwe yenyewe. Songwe 2022 ilikuwa na watu 1,344,687, jumlisha na Mbeya unapata 3,688,441, yaani eneo lilelile limeongezeka karibu watu milioni moja!

Sasa kwenye ajira ni hivyohivyo ila inajificha zaidi, kwa sababu utafiti wa 2014 ukisema "Mbeya" unamaanisha Mbeya ya zamani, na wa 2020/21 unamaanisha Mbeya iliyobaki. Namba zinakaa vizuri tu kwenye jedwali, hakuna anayekushtua.

Dawa yake ni kuirudisha Songwe ndani. Lakini, na hapa ndo masaa yangu yaliishia, USICHUKUE asilimia ya Mbeya na asilimia ya Songwe ukajumlisha ukagawa kwa mbili. Mikoa hailingani ukubwa. Chukua idadi ya wasio na kazi wa mikoa yote miwili, jumlisha, afu gawa kwa jumla ya nguvu kazi ya mikoa yote miwili. Ripoti ikikupa asilimia tu bila idadi, rudi kwenye majedwali ya nyuma huko mwishoni, watu wengi hawafiki huko. Kwa idadi ya watu kuna njia nyepesi zaidi, tafuta jedwali la sensa lililopanga upya 2012 kwa mipaka ya sasa, humo Mbeya ya leo ilikuwa 1,708,548.

Wa Mwanza, Shinyanga, Iringa na Rukwa msicheke. Geita, Simiyu, Njombe na Katavi zilizaliwa 2012, kwa hiyo ukivuta namba za sensa ya 2002 au utafiti wa 2006 umenasa kama sisi.

Na tena, utafiti wa nguvu kazi ni wa sampuli, sio kuhesabu kila mtu. Mkoa ukipanda nukta mbili tatu usiandike "ajira zimeongezeka". Na usijaribu kushuka mpaka wilaya kwa kutumia huo, kwa wilaya rudi kwenye sensa.

Hatua ya 4. Fasili. NBS inatoa kiwango cha kukosa ajira kwa fasili ya kitaifa na ya kimataifa. Ya kitaifa ni pana, inaingiza hata aliye tayari kufanya kazi ila hatafuti, pamoja na wale wenye kazi ya kushika na kuachia. Kwa Tanzania Bara ilikuwa asilimia 10.3 mwaka 2014 ikashuka hadi 9.0 mwaka 2020/21. Chagua moja usichanganye. Mimi natumia ya kitaifa, ndo inafanana na mtaani kwetu.

Hatua ya 5. Ingiza kwenye jedwali. Andika kwa mkono. Ukikopi kutoka PDF safu zinahama, namba ya Njombe inakaa kwa Rukwa. Mistari kumi haikuui. Natumia LibreOffice, programu ya majedwali, ni ya bure na haisumbui.

Hatua ya 6. Mishahara. Ile ongezeko la asilimia 33.4 la kima cha chini sekta binafsi, lililoanza 1 Januari 2026, ni la jumla. Wewe fungua amri yenyewe ya kima cha chini cha mshahara utafute sekta yako. Takwimu za mishahara za sekta rasmi nazo ziangalie kwa tahadhari, muuza maandazi wa Kabwe hayumo mule, na huyo ndo mfanyakazi unayemtaka.

Hatua ya 7. Ingia mtaani. Ripoti ya 2020/21 haijui mwaka huu kuna nini. Uliza bekari nane tisa: unalipa kwa siku au kwa mwezi, chakula kipo, nani aliacha kazi na lini. Usiulize "unalipa shilingi ngapi" mbele ya wafanyakazi wake, utadanganywa. Dada aliuliza, na karibu wote walimtajia kitu kimoja ambacho hakuna ripoti ina safu yake: mpunga wa Mbarali ukianza kuvunwa, vibarua wanaaga.

Hiyo aliiweka juu kabisa ya jedwali.