Somo: Kununua kimondo ukiwa Dar bila kupigwa

Wakuu, tangu lile jiwe la Mars, yaani kimondo kilichotoka sayari ya Mars, liuzwe mnadani New York Julai 2025 kwa takriban dola milioni 5.3, simu yangu imejaa picha za mawe. Wengi wanauza, wachache wanataka kununua. Somo hili ni la hao wachache. Wauzaji nao wasome, watajua kwa nini sijawajibu.

Msimamo wangu ni huu: kwenye vimondo unanunua karatasi kwanza, jiwe baadaye. Kipande cha gramu tatu chenye jina na historia inayofuatilika kinalishinda jiwe la kilo kumi lenye hadithi tamu. Ukisikia "liliangukia shamba la babu, usiku linawaka, Wachina wameshafika bei", hapo unauziwa hadithi.

Hatua ya 1: Chagua unachokitaka

Vimondo vimegawanyika makundi makubwa matatu: vya mawe, vya chuma, na vile vilivyochanganya vyote viwili. Vya mawe ndivyo vingi, zaidi ya asilimia 90 ya vinavyoonekana vikianguka, na vingi kati yake ni kondraiti. Ukikata kondraiti utaona vipunje vya mviringo vilivyoganda miaka karibu bilioni 4.5 iliyopita, kabla Dunia haijakamilika. Ni vya bei nafuu, na mimi humshauri kila anayeanza aanzie hapo.

Vya chuma vinapendwa kwa sababu vinaonekana "vya kweli". Kikikatwa, kikasuguliwa na kupitishwa kwenye asidi, vingi hutoa mistari inayokatizana kama ukili uliosukwa, iliyojengeka wakati chuma na nikeli vikipoa polepole kwa mamilioni ya miaka. Kwenye vile vilivyochanganya, palasaiti ndiyo bibi harusi wa kabati: punje za madini ya olivini, za kijani na manjano, ndani ya chuma, na ukiweka kipande chembamba mbele ya taa mwanga unapenya.

Juu kabisa kuna vya Mwezi, vya Mars, na kundi la kondraiti zenye kaboni liitwalo CI. Hapo Mtanzania ana haki ya kutembea kifua mbele, maana ile I ni ya Ivuna, Songwe, kimondo kilipoanguka tarehe 16 Desemba 1938. Kilichookotwa ni gramu 705 tu. Ukiacha gesi, kemia yake inakaribiana mno na ya Jua. Hata vumbi la sayari ndogo Ryugu, lililoletwa na chombo cha Kijapani Hayabusa2 mwaka 2020, lilikutwa linafanana na kundi hilo. Kipande kikubwa cha Ivuna kipo makumbusho ya London. Kwetu wengi wanakijua kimondo cha Mbozi tu, basi.

Hatua ya 2: Tafuta jina kabla ya kuulizia bei

Ingia mtandaoni, kwenye kanzidata ya Meteoritical Society iitwayo Meteoritical Bulletin. Ni bure. Andika jina, utaona mahali, mwaka, aina, na uzito wote unaojulikana. Huo uzito ndio rungu lako. Ukiuziwa "Ivuna" ya kilo mbili wakati duniani kote imeokotwa gramu 705, huna haja ya kubishana na mtu. Au ukiletewa tofali la Peramiho, kimondo kilichoanguka 1899: hicho nacho ni kidogo, hakifiki hata nusu kilo.

Vingi sokoni vinaitwa NWA (Northwest Africa, yaani Afrika Kaskazini-Magharibi) na namba mbele yake. Hivyo hutoka Sahara, vikauzwa Moroko, na mahali halisi vilipookotwa mara nyingi hapajulikani, ndiyo maana vinapewa namba. Ili kimondo kiingie kwenye orodha, sampuli ya gramu 20, au asilimia 20 kama jiwe ni dogo, hubaki kwenye taasisi ya utafiti. Kwa hiyo namba haipatikani kwa maneno.

Ila tapeli naye anasoma. Anaweza kuchukua namba halali akaibandika kwenye kokoto ya Lugoba. Dai picha ya kipande kilekile juu ya mizani, kadi ya mmiliki aliyetangulia, na risiti. Wauzaji walio kwenye chama cha wakusanyaji, IMCA, huwa na namba ya uanachama ambayo unaweza kuihakiki mwenyewe.

Hatua ya 3: Sheria

Kimondo cha Mbozi kinalindwa kisheria. Anayekuuzia "kipande cha Mbozi" ama anakudanganya ama anakutia kwenye kesi, kimbia. Namibia nayo inazuia vimondo vyake kutoka nchini, hivyo Gibeon, kimondo cha chuma cha huko, nunua tu kwenye mkusanyiko wa zamani wenye karatasi. Na lile jiwe la Mars la New York lilipatikana Niger mwaka 2023; baada ya mnada serikali ya Niger ikaanza kuchunguza lilivyotoka. Karatasi, wakuu.

Hatua ya 4: Bei na malipo

Hesabu kwa gramu. Kondraiti ya Sahara isiyoainishwa, yaani ambayo haijachunguzwa ikapewa namba, ni dola moja au zaidi kidogo kwa gramu. Mars ni mamia ya dola. Lile la New York lilikuwa na kilo 24.67, ukigawa unapata kama dola 215 kwa gramu, kwa hiyo bei iliyowashangaza watu haikuwa ya ajabu sana kwa gramu. Kilichoshangaza ni ukubwa.

Lipa kwa njia inayokuruhusu kurudishiwa pesa. Usimtumie mtu usiyemjua kwa namba ya simu. Mwambie muuzaji aandike thamani halisi kwenye kifurushi, maana ukidanganya forodha na mzigo ukapotea, fidia yako itafuata ule uongo.

Hatua ya 5: Likifika, lipime

Sumaku: karibu vimondo vyote huvuta, japo vingine kidogo. Chukua sumaku ya kubandika kwenye friji, ifunge uzi, isogeze taratibu uone inavyoegemea. Zile ndogo kali zinazong'aa usizikaribishe, zinafuta kumbukumbu ya usumaku ambayo jiwe limeibeba tangu kuumbwa kwake, na watafiti wanailia hiyo. Ila kuvuta sumaku si ushahidi. Takataka za tanuru la chuma zinavuta, mawe ya magnetiti yanavuta.

Kigae: geuza kigae cha bafuni, sugua jiwe upande usiong'aa. Likiacha mchirizi mwekundu wa udongo, hiyo ni hematiti, madini ya chuma ya hapa hapa duniani. Likiacha wa kijivu uliokolea, huenda ni magnetiti. Kimondo kwa kawaida hakiachi kitu cha maana.

Uzito kwa ujazo: hiki ndicho kipimo nikipendacho, na vifaa vipo jikoni. Pima jiwe likiwa kavu, tuseme gramu 172. Weka bilauri ya maji juu ya mizani, irudishe sifuri. Ning'iniza jiwe kwa uzi mpaka lizame lote bila kugusa kitako wala kingo. Mizani ikisoma 50, gawa 172 kwa 50, unapata 3.44. Kondraiti nyingi ziko hapo hapo. Mawe ya kawaida huzunguka 2.7, na chuma hupita 7. Baada ya hapo likaushe vizuri. Vimondo vyenye kaboni kama Ivuna usivizamishe kabisa, vinamomonyoka.

Mwisho tazama kwa lenzi. Vitundu vya mapovu kama vya mkate ni dalili mbaya: mara nyingi hizo ni takataka za tanuru. Ukisugua kona ndogo kwa msasa, kondraiti huonyesha vidoti vya chuma king'aacho.

Hatua ya 6: Kukitunza kwenye joto la Dar

Vitabu vingi vimeandikwa na watu wanaoishi kwenye baridi kavu. Sisi tuna unyevu na upepo wa bahari wenye chumvi, na hapo ndipo chuma kinapofia. Tumia boksi la plastiki linalofunga kabisa, weka ndani vipakiti vya kunyonya unyevu, vile vya kwenye maboksi ya viatu. Tafuta vinavyobadili rangi vikishiba, uvikaushe kwenye oveni kwa moto mdogo. Usishike chuma kwa mkono mtupu, jasho lina chumvi.

Kwa mkazi wa Dar anayetaka chuma, chaguo langu ni Sikhote-Alin, kilichoanguka Urusi tarehe 12 Februari 1947. Hakikulala ardhini maelfu ya miaka kikinywa chumvi. Campo del Cielo ya Argentina ni nzuri na ya bei poa, lakini vipande vingi vinatoa kutu hata kwa wenye kiyoyozi.

Maswali ya wanachama

*Mbagala: Mkuu, mjomba ana jiwe jeusi Morogoro, linavuta sumaku. Dalali wa Kariakoo anataka laki tatu za "kulipima kwa mashine". Nitoe?*

Usitoe hata mia. Fanya kigae na maji kwanza. Likipita, peleka kwa wanajiolojia wa Chuo Kikuu pale Mlimani au Taasisi ya Jiolojia (GST) Dodoma. Kitu cha kuuliza ni nikeli. Kimondo cha chuma huwa na nikeli asilimia kama 5 na kuendelea. Chuma cha kiwandani mara nyingi hakina kabisa au kina kidogo sana. Na mjomba aendelee kukaa na jiwe lake, asimwachie dalali "alale nalo".

*Sinza: Mwalimu, nafundisha sayansi msingi. Nina elfu hamsini tu. Inanifikisha wapi?*

Dada, inakufikisha kwenye kondraiti ndogo isiyoainishwa, gramu kumi hivi. Tatizo ni kwamba nauli ya kifurushi inaweza kuzidi jiwe. Unganeni walimu watatu wanne, muagize pamoja. Omba kipande kilichokatwa upande mmoja, ili watoto waone gamba jeusi la nje na vipunje vya ndani kwa pamoja.

*Temeke: Kijana, zamani tulisikia mawe haya ni dawa. Kuna ukweli?*

Shikamoo mzee wangu. Mwaka 1992 mvua ya vimondo ilianguka Mbale, Uganda, na baadhi ya watu walisaga mawe yale wakanywa wakitumaini yatatibu UKIMWI. Hayakutibu. Kilichomo ni madini ya mawe na chembe za chuma chenye nikeli, si kitu cha kumeza. Kijana mmoja alipigwa kichwani na kipande cha gramu tatu na ushei, akapona kwa kuwa kilipitia kwanza kwenye majani ya mgomba.

*Kigamboni: Campo yangu ina miezi michache, sasa inatoa vitone vya rangi ya chai. Nimeipaka Vaseline.*

Ondoa Vaseline, umefungia ugonjwa ndani. Vile vitone ni kloridi, chumvi iliyomo ndani ya chuma, inayofanya kazi na unyevu. Sugua kutu kwa brashi ya shaba, kisha loweka kipande kwenye alkoholi kali, ile ya asilimia 99 ambayo mafundi simu wanasafishia bodi. Spiriti ya duka la dawa haifai, ina maji. Badilisha alkoholi ikichafuka, rudia mpaka ibaki safi. Acha alkoholi ikauke yote nje, mbali na moto, ndipo uweke jiwe oveni kwa nyuzi 100 kwa saa chache. Likipoa, lipake oili ya cherehani kidogo kwa kitambaa na kulirudisha kwenye boksi kavu. Vitone vikirejea ndani ya mwezi, rudia tangu mwanzo. Vikirejea tena, kiuze kwa mtu wa Dodoma, na umwambie ukweli kabla hajalipa.