Tangi la maji ya mvua shuleni: mradi wa klabu ndogo, hatua kwa hatua

Klabu nyingi za kujitolea mitaani zina pesa kidogo, wanachama wanaopatikana Jumamosi moja au mbili kwa mwezi, na hamu kubwa ya picha ya kukabidhi. Kwa klabu ya namna hiyo mimi hupendekeza tangi la lita 5,000 la maji ya kunawa mikono, kwenye shule ya msingi yenye paa la bati. Ni kazi inayokamilika, na fundi mmoja mzuri anatosha kuisimamia. Ila mradi huu hufa kirahisi sana, na mara nyingi unaanzia kufa kwenye koki. Inavunjika, hakuna anayeona kuwa ni jukumu lake, basi.

Hatua ya 1: Mpateni mwenye koki kabla ya mfadhili

Nendeni watu wawili kwa mwalimu mkuu, bila fulana za klabu, na msianze kwa kutaja tangi. Ulizeni watoto wananawa wapi sasa hivi, maji yanaletwa na nani, na kitu kilipoharibika shuleni mara ya mwisho kilitengenezwa na nani, kwa fedha gani. Swali hilo la mwisho ndilo la maana. Mkiambiwa "mzazi mmoja fundi alikuja, kamati ikanunua vifaa", mko pazuri. Mkiambiwa dirisha bado linasubiri halmashauri, jueni koki nayo itasubiri.

Kisha ombeni kikao na kamati ya shule, na mtoe taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa na afisa elimu kata. Makubaliano ya ukurasa mmoja yatosha, lakini yataje mtu kwa cheo chake: nani anashika ufunguo, nani wakati wa likizo, na koki ikiharibika fedha inatoka fungu gani. Neno "uongozi" msilikubali.

Hatua ya 2: Pigeni hesabu ya paa

Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba inatoa lita moja. Pimeni eneo ambalo paa limefunika chini, si urefu wa mteremko wa bati. Upande mmoja wa paa la madarasa mawili, tuseme mita 16 kwa 4, ni mita za mraba 64. Mvua ya milimita 20 itatoa lita 1,280. Toeni sehemu ya tano kwa yale yanayoruka na kuvuja, zinabaki kama lita 1,000. Mvua tano za namna hiyo zinajaza tangi.

Sasa matumizi. Wanafunzi 400 wakitumia nusu lita kila mmoja ni lita 200 kwa siku, yaani siku 25 za masomo bila tone la mvua. Pwani, penye vuli na masika, hesabu hiyo inavumilika. Dodoma, yenye msimu mmoja wa mvua na kiangazi kirefu, tangi hilo litakauka mapema, na ni vizuri kamati ikasikia hivyo kutoka kwenu mwanzoni.

Paa la asbesto liacheni. Tafuteni jengo jingine.

Hatua ya 3: Fedha

Anayeshika fedha asiwe ndiye anayenunua. Risiti zipigwe picha na kuwekwa kwenye kundi la WhatsApp siku hiyohiyo. Mwanachama akilalamika kwamba tangi halina hadhi, mkumbusheni kuwa Rotary, mtandao wa kimataifa wa klabu za kujitolea ulioanzishwa Chicago mwaka 1905, mradi wake wa kwanza wa jamii ulikuwa vyoo vya umma.

Hatua ya 4: Jukwaa

Lita 5,000 ni tani tano. Jengeni duara la mawe au tofali, jazeni kifusi mkikishindilia tabaka kwa tabaka, kisha zege juu, pana kuliko kitako cha tangi pande zote. Uso uwe laini. Kokoto moja iliyochomoza inaweza kutoboa plastiki. Mwagilieni zege kwa siku saba kabla ya kupandisha tangi, na likishapanda litieni maji kidogo, maana tangi tupu hubebwa na upepo.

Hatua ya 5: Gata

Hapa ndipo maji mengi hupotea, na ndipo mafundi wa haraka huharibu. Gata, yaani mfereji wa ukingoni mwa paa, ishuke kuelekea kwenye tangi, sentimita moja kwa kila mita. Msikubali kupima kwa jicho. Chukueni mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ujazeni maji, mtu mmoja ashike ncha huku na mwingine kule: maji yanakaa usawa mmoja pande zote mbili. Wekeni alama, shusheni upande wa tangi, vuteni uzi, kisha ndipo vishikizo vipigiliwe, kila sentimita 60 hivi. Mwisho mwageni ndoo ya maji kwenye ncha ya juu. Yakituama mahali, fundi arudi juu.

Hatua ya 6: Maji ya kwanza na mbu

Mvua ya kwanza inasomba vumbi na mavi ya ndege. Kwa paa la mita za mraba 64, tengeni angalau lita 32 za mwanzo kwa kipande cha bomba au pipa lenye mfuniko wa kufungua chini. Wavu wa mbu uwekwe maji yanapoingia na pia kwenye bomba la kupunguzia maji tangi likijaa, ambalo wengi hulisahau. Mbu wa homa ya dengue hupenda maji safi yaliyotulia, na Dar es Salaam iliwahi kupata mlipuko wa homa hiyo mwaka 2014 na tena 2019. Maji haya ni ya kunawa. Ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa.

Hatua ya 7: Koki na makabidhiano

Vuteni bomba lenye koki nne, kwa kimo cha mtoto wa darasa la kwanza, na shimo la mawe chini pasiwe tope. Wekeni valvu kuu karibu na tangi ili koki moja ibadilishwe bila kumwaga maji yote. Siku ya makabidhiano, kabla ya hotuba, anayeshika ufunguo afunge valvu, aing'oe koki moja na kuirudisha mwenyewe, watu wakiona. Mwachieni spana, utepe wa kuzibia na koki mbili za akiba, na mpange kurudi shule ikifunguliwa baada ya likizo ya kwanza.