Somo: Maumivu yanavyopita mgongoni, na dawa zinavyoyadaka njiani

Juzi mama mmoja alinirudishia pakiti ya amitriptilini. Aliandikiwa kwa sababu miguu inamwaka moto usiku, kisukari kimeshamla mishipa ya fahamu. Binti yake kasoma karatasi ya ndani ya boksi, kakuta "dawa ya sonona". Mama akaniuliza, "Kwa hiyo mnaniona mwehu?" Jibu lake haliko miguuni wala kichwani, liko katikati. Mimi ni mtaalamu wa dawa za usingizi na ganzi, kazi yangu kila siku ni kuchoma sindano za mgongo, kwa hiyo hapo katikati ni mtaani kwangu.

Tuelewane maneno kwanza. Uti wa mgongo ni mifupa unayoipapasa kwa vidole. Ndani yake, kama utambi ndani ya mshumaa, inapita kamba laini yenye unene wa kidole chembamba na urefu wa sentimita 45 hivi. Hiyo ndiyo ugwe mgongo.

Hatua ya 1: Jikwae

Umewahi kugonga kidole cha mwisho cha mguu kwenye tendegu la kitanda? Kumbuka vizuri. Unachomwa papo hapo, kinafuata kimya kifupi ambacho unajua kabisa kwamba "inakuja", halafu linakuja wimbi zito la kukukalisha chini. Hayo ni maumivu mawili, kila moja na njia yake. Nyuzi za mishipa ya fahamu zinazoitwa A-delta zina ala nyembamba ya mafuta na zinakimbia mita 5 hadi 30 kwa sekunde. Nyuzi za C hazina ala, zinajikokota mita 2 kwa sekunde au pungufu. Toka kidoleni mpaka mgongoni ni kama mita moja. Piga hesabu mwenyewe.

Hatua ya 2: Pembe ya nyuma

Ukikata ugwe kwa kuukingamisha, katikati unaona umbo la kipepeo la rangi ya kijivu. Nyuzi za maumivu zinaishia kwenye bawa la nyuma, ndiyo pembe ya nyuma. Hapo uzi unaoleta habari na seli inayoipokea havigusani, kuna mwanya. Kalisiamu inaingia kwenye ncha ya uzi, ncha inamwaga kemikali za glutameti na dutu P, na seli ya pili ikichokozeka vya kutosha inavusha habari upande wa pili wa ugwe na kuipandisha ubongoni. Shika hilo neno kalisiamu, tutalirudia.

Ugwe wenyewe nao una akili zake. Ukigusa sufuria ya moto, hausubiri ruhusa ya ubongo. Mkono umeshachomoka ndipo unasikia "mama wee!" ikikutoka.

Hatua ya 3: Lango

Mwaka 1965 Mkanada Ronald Melzack na Mwingereza Patrick Wall walisema kwamba pembe ya nyuma ina lango. Nyuzi nene za mguso zikifika kwa wingi, zinaamsha seli ndogo zinazobana habari ya maumivu. Ndiyo maana mtoto akianguka, bibi anamsugua goti na kweli kilio kinapungua. Baadhi ya vipengele vya mchoro wao vilikuja kurekebishwa, lakini wazo kwamba maumivu yanapimwa mgongoni kabla ya kupanda limebaki.

Lango lina bawabu wa juu pia. Shina la ubongo linashusha serotonini na noradrenalini mpaka kwenye pembe ile ile. Ugwe nao unatengeneza enkefalini, kituliza maumivu cha mwili wenyewe, jamaa ya mofini iliyotambuliwa Aberdeen, Uskoti, mwaka 1975. Mchezaji anayevunjika kidole na kumaliza mechi si jeuri tu, bawabu alifunga.

Hatua ya 4: Lango linapoharibika

Hapa ndipo alipo yule mama wa amitriptilini. Nyuzi za C zikipiga hodi bila kukoma, vipokezi vya NMDA, yaani milango ya kupokelea glutameti kwenye seli ya pili, vinafunguka na seli inakuwa na kisirani: kidogo inakiona kikubwa, mguso inauita moto. Shuka likimgusa mguu, anaruka. Hapo unaweza kumpa diklofenaki mpaka vidonda vya tumbo vimtoke, na bado usiku halali, maana diklofenaki kazi yake kubwa ni kwenye uvimbe, na yeye hana uvimbe.

Hatua ya 5: Dawa na vituo vyake

Ganzi ya mgongoni, bupivakeini, inaziba milango ya sodiamu kwenye mishipa ya fahamu, habari haipiti. Kabla ya upasuaji napima kwa pamba ya spiriti. "Unasikia baridi?" "Nasikia umenigusa, baridi hakuna." Hapo najua tuko tayari: baridi na maumivu vinasafiri kwenye nyuzi nyembamba, na hizo ndizo zinazolala kabla ya zile za mguso.

Mofini inafanya kazi pande zote mbili za mwanya. Kwenye ncha ya uzi inafunga kalisiamu, kwa hiyo kemikali hazimwagwi. Kwenye seli ya pili inafungua potasiamu, seli inazubaa. Gabapentini na pregabalini, zilizoanza kama dawa za kifafa, nazo zinashughulika na mlango wa kalisiamu. Ketamini, dawa ya usingizi, inaziba NMDA. Na amitriptilini inamwongezea nguvu yule bawabu wa juu, kwa kuzuia serotonini na noradrenalini zisifyonzwe haraka. Kwa maumivu huanzwa miligramu 10 hadi 25 usiku, wakati ya sonona huenda 75 na kuendelea. Kidonge ni kile kile, kituo ni kingine.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Mapacha: Nilichomwa sindano ya mgongo wakati wa operesheni ya uzazi, tangu hapo mgongo hauniachi. Si mliharibu huo ugwe?

Pole, dada. Kwa mtu mzima ugwe unaishia kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sisi tunachoma chini ya hapo, kwenye ya tatu na ya nne, palipo na maji na mishipa ya fahamu inayoelea. Mgongo wa baada ya uzazi mara nyingi ni mimba yenyewe, na kumbeba na kumnyonyesha mtoto umeinama. Wewe umebeba wawili. Kinachotokana na sindano kweli ni kichwa kinachouma ukikaa na kupoa ukilala. August Bier, Mjerumani aliyeanzisha sindano hii mwaka 1898, alijaribiwa yeye mwenyewe na kichwa hicho kilimlaza siku kadhaa. Lakini miguu ikianza kufa ganzi au mkojo ukakataa kutoka, usisubiri hata kesho, nenda hospitali.

Kijana wa Gereji: Tramadoli nachukua mbilimbili dukani nikichoka. Inagusa wapi?

Inagusa kipokezi cha mofini na huyo bawabu wa juu, kwa pamoja. Ukizidisha inaleta degedege, na ukichanganya na amitriptilini hatari inaongezeka. Uchovu hauna kituo mgongoni, mdogo wangu. Lala.

Bin Salum: Shikamoo. Mzee wangu ana saratani, kapewa mofini ya maji. Majirani wanasema ni kumsindikiza.

Marahaba. Uganda wagonjwa wanakunywa mofini ya maji majumbani tangu Hospice Africa Uganda ianze mwaka 1993. Kipimo kikipandishwa taratibu kama daktari alivyoelekeza, hakimuui mzee. Fuata saa, kwa kawaida kila baada ya saa 4, usingoje alie kwanza. Pombe na dawa za usingizi mweke navyo mbali, maana vikikutana na mofini vinapunguza pumzi. Na uliza dawa ya kulainisha choo leo leo, utumbo nao una vipokezi vya mofini, choo kinakuwa kigumu.

Mvuvi Mstaafu: Nimesikia kuna dawa ya konokono wa baharini. Kweli?

Kweli. Zikonotaidi imeigwa kutoka sumu ya konokono koni, inafunga mlango wa kalisiamu, na inatiwa kwenye maji ya mgongo moja kwa moja kwa pampu. Marekani waliiidhinisha mwaka 2004. Bahari yetu ina jamaa zake, akiwemo *Conus geographus* anayeua watu, na sumu yake haina dawa ya kuiua. Ukimkuta akiwa hai usimtie mfukoni.