Namna ya Kupata Chembe Nano za Fedha Zenye Ukubwa Unaolingana kwa Kutumia Mifereji Midogo

Anayetengeneza chembe nano za fedha, yaani punje za metali hiyo zinazopimwa kwa nanomita, katika maabara ya Dar es Salaam aanze na maji kabla hajagusa pampu inayosukuma vimiminika mferejini. Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvi, na kloridi kidogo tu hunasa ioni za fedha na kuacha ukungu mweupe. Kwa hiyo nitrati ya fedha iyeyushwe katika maji yaliyoondolewa ioni, pamoja na sitrati ya sodiamu inayozuia chembe zisishikane. Borohidridi ya sodiamu, inayogeuza ioni za fedha kuwa metali, iandaliwe siku hiyohiyo, na sirinji yake izungushiwe barafu, kwa sababu joto la Januari huichakaza upesi na kutoa viputo vya haidrojeni vinavyokatiza mtiririko.

Penye uzito zaidi ni uchanganyaji. Ndani ya mfereji mwembamba vimiminika hivi viwili hupita sambamba bila kuvurugana, vikichanganyika kwa kusambaa tu, na muda unaohitajika huongezeka kwa mraba wa upana: takriban sekunde 20 kwa mfereji wa maikromita 200, lakini sekunde 1 na ushei kwa maikromita 50. Uchanganyaji ukichelewa, viini vipya vya chembe huendelea kuzaliwa huku vya awali vimekwisha kukua, na ukubwa hutofautiana.

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Huongeza kasi ya pampu, wakapata chembe ndogo, wakausifu uchanganyaji, ilhali wamefupisha pia muda wa mmenyuko. Mrija unaofuata mfereji, wenye kipenyo cha ndani cha milimita 0.5 na urefu wa mita 1 hubeba takriban mililita 0.2, hivyo kwa jumla ya mililita 0.2 kwa dakika mchanganyiko hukaa humo dakika 1. Kasi ikiongezwa maradufu, urefu wa mrija nao uongezwe maradufu, ndipo athari ya uchanganyaji ionekane peke yake. Kila badiliko lifuatwe na kumwaga ujazo wa mrija mara tatu hivi kabla ya kuchukua sampuli.

Kwenye spektrofotomita, kifaa kinachopima mwanga unaofyonzwa na sampuli, kilele cha ufyonzaji hutarajiwa karibu na nanomita 400. Binafsi naamini zaidi wembamba wake kuliko mahali kilipo. Mkia mrefu kuelekea rangi nyekundu huashiria chembe zilizoshikana.

Kuta za mfereji na mrija zikiwa za kahawia kwa utando wa fedha, zisafishwe kwa asidi ya nitriki iliyozimuliwa. Pampu iwe na betri ya akiba: umeme ukikatika, mchanganyiko uliosimama hugandisha fedha ukutani. Utando ukizidi kurudi, mmenyuko uhamishiwe ndani ya matone yanayosukumwa na mafuta, yasiyogusa kuta.