Jinsi ya kuita mji mzima ulete mawazo ya uwanja wa kati

Hapa Mbale, mashariki mwa Uganda, niliwahi kuona tangazo limebandikwa kwenye ubao wa ofisi moja, linaita "wabunifu na wataalamu" walete michoro ya kupendezesha katikati ya mji, michoro iwe ya kompyuta, siku ni 14, na fomu inalipiwa. Ikaja michoro minne tu. Yote minne ilikuwa na chemchemi ya maji inayoruka juu, na hakuna hata mmoja uliokuwa na choo. Mama anayeuza malewa, yaani machipukizi ya mianzi yanayoliwa, hatua chache kutoka pale, anayefungua saa kumi na mbili asubuhi na kufunga giza likiingia, hakuulizwa kitu, na yeye ndiye anayejua vizuri kuliko wote choo kiko mbali kiasi gani.

Baada ya hapo nimesaidia kwenye miito miwili ya namna hii, mmoja mdogo wa mtaa na mwingine mkubwa kidogo, na haya ninayoandika ni yale ningependa mtu angeniambia mapema. Nayaandika kwa yeyote anayetaka kuanzisha kitu kama hicho kwenye mji wake, uwe diwani, uwe mwalimu, uwe cheamani wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, ama kijana tu anayependa mji wake.

Cha kwanza kabisa, jua ardhi ni ya nani. Mtu anaruka hii hatua halafu analia baadaye. Uwanja unaweza kuonekana mmoja lakini kipande ni cha jiji, kipande ni hifadhi ya barabara kuu ambayo iko chini ya serikali kuu, na kipande kingine mtu ana hati yake amekaa kimya tu anasubiri. Nenda kwa afisa wa mipango miji, omba akuonyeshe mipaka kwenye ramani, halafu mtembee naye pale chini mguu kwa mguu. Sheria ya mipango miji ya 2010 inataka kuwe na kamati ya mipango kila ngazi, kwa hiyo wazo lolote kubwa mwisho litapita kwenye hiyo kamati, sasa afadhali wajue kuanzia siku ya kwanza kuliko wasikie redioni. Mbale ilipandishwa kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020 pamoja na kina Gulu, Arua, Jinja, Mbarara, Masaka na Fort Portal, na jiji jipya likiwa bado linajipanga ni rahisi zaidi sauti ya mwananchi kuingia, kabla vitu havijamwagiwa zege.

Na kama utaita watu wakusanyike, peleka barua kwa DPC, mkuu wa polisi wa wilaya, mapema, ubaki na kopi iliyopigwa muhuri. Usibishane na hilo, fanya tu.

Halafu kaa pale. Nasema kaa kweli kweli, siku tatu, moja iwe siku ya soko, moja iwe Jumapili, na daftari mkononi. Chukua karatasi ya manila, chora uwanja kwa makadirio, halafu saa tatu asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na moja jioni weka nukta kila mahali mtu amekaa au amesimama zaidi ya dakika tano. Tumia kalamu za maka za rangi tatu. Sisi tulipofanya hivi tukaona kitu ambacho hakuna mtu alikuwa amekitaja kwenye mkutano wowote: benchi za zege zilizojengwa kwa pesa nzuri zilikuwa tupu mchana kutwa kwa sababu zinaungua jua, na watu wote walikuwa wamejipanga kwenye ukingo wa mtaro, kwenye ukanda mwembamba wa kivuli cha jengo, na kivuli kilipohama na wao wakahama, hadi mwenye cherehani naye akabeba cherehani yake. Ile manila yenye nukta ndio ilikuwa karatasi ya maana kuliko zote tulizokuwa nazo, kila mtu aliyeiona alielewa bila kuelezwa.

Angalia pia mvua ikinyesha. Simama pale na mwavuli uone maji yanatoka wapi na yanakwama wapi. Sisi hapa hatuwezi kujifanya hatujui, mwisho wa Julai 2022 mto Nabuyonga ulifurika, watu wakapoteza maisha na mali. Mchoro wowote unaofunika ardhi yote kwa pava, matofali ya kutandika chini, bila kuuliza maji yatapita wapi ni mchoro wa hatari, hata uwe mzuri namna gani.

Na uliza kalenda ya mji. Huku Bugisu mwaka wa namba shufwa ni mwaka wa imbalu, tohara ya jadi ya Wagisu, na Agosti ikifika ufunguzi unafanyika Mutoto halafu ngoma za kadodi zinajaa barabarani, umati unacheza huku unasonga mbele kama maji. Mtu wa nje akileta mchoro wa bustani ndogo ndogo zenye vijiti na kamba, atakuwa hajui kwamba Agosti moja tu inatosha kuzimaliza. Sasa hilo ni jambo la kuandika kwenye mwito wenyewe, ili mbunifu afikirie mahali pa wazi pa kupitisha ngoma badala ya kulaumu watu baadaye kwamba wamekanyaga maua. Mji wako uko na kadodi yake ya namna nyingine, labda ni maandamano ya Ijumaa Kuu, labda ni swala ya Idi, labda ni siku ya mnada wa nguo. Itafute.

Sasa ndio unaandika mwito, na hapa nataka tukae kidogo kwa sababu hapa ndipo kazi nyingi zinaharibika. Ukiandika "tuletee ubunifu wa kisasa wa kupendezesha mji" utaletewa picha za Dubai. Swali likiwa bovu, majibu yatakuwa bovu, hata walioleta wawe na akili vipi. Andika swali ambalo muuza mahindi ya kuchoma na mwanafunzi wa ujenzi wa Makerere wote wanaweza kulijibu. Wetu wa pili ulikuwa hivi, unaweza kuuchukua na kuubadilisha:

"Uwanja huu una urefu wa hatua 90 na upana wa hatua 40. Mti mkubwa na mtaro havihamishwi. Boda lazima wapate mahali pa steji. Maji ya mvua lazima yapate njia. Mtu wa kiti cha magurudumu lazima afike kila sehemu. Kutoka hapa mlima Wanale unaonekana, usizibwe. Tuambie: ungependa ufanye nini hapa ambacho leo huwezi kufanya? Na nani atafagia?"

Ona kwamba haijataja neno mchoro hata mara moja. Na lile swali la mwisho, nani atafagia, usilitoe, watu wengi waliniambia halina ubunifu lakini lilileta mawazo mazuri kuliko yote, mtu mmoja alipendekeza vibanda vinne vya chai vilipe kodi ndogo ambayo inalipa mfagizi na mwangalizi wa choo, basi. Ongeza na swali la geti na saa za kufunga. Kampala kuna City Square, siku hizi inaitwa Constitution Square, iko mbele ya High Court katikati kabisa, na baada ya maandamano ya 2011 ilikaa miaka chini ya ulinzi wa polisi, nyasi za kijani zipo na mtu anaogopa kukanyaga. Kwa hiyo nani ana ufunguo ni swali la ubunifu sawa na swali la rangi ya viti.

Taja vikwazo wazi lakini usitaje jibu. Mwaka 1971 kule Paris lilifanyika shindano la jengo ambalo leo ni Centre Pompidou, zikaja kazi 681, na walioshinda, Renzo Piano na Richard Rogers na wenzao, walikuwa wameacha karibu nusu ya kiwanja wazi, uwanja wa watu kukaa na kutazamana. Mwito ungeagiza kiwanja chote kijengwe, wazo hilo lingetupwa nje mlangoni.

Pesa nayo iseme. Kama bajeti ni ya milioni 200 andika milioni 200, kama haipo kabisa andika kwamba haipo na mnatafuta mawazo ya kuombea pesa. Watu wazima wanaelewa. Kinachowakasirisha ni kupewa matumaini halafu kimya.

Kuhusu namna ya kupokea: pokea kila kitu. Sauti ya WhatsApp, karatasi ya shule, boksi la sabuni lililokatwa likawa nyumba, maneno matupu ya mdomo. Na lugha yoyote, Lumasaba, Ateso, Luganda, Kiswahili, atapatikana mtu wa kutafsiri. Nairobi walifanya kitu kizuri, UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, walitumia mchezo wa kompyuta wa Minecraft na wakazi wakajenga mawazo yao ndani ya mchezo, vijana ambao hawajawahi kushika rula ya mchoraji wakaweza kuonyesha walichotaka. Kama huna kompyuta chukua majivu uchore chini. Ndio, majivu, au chokaa. Weka meza sokoni siku tatu na vijana wawili wanaojua kuchora, mtu akija anaongea, kijana anachora papo hapo, halafu mwenye wazo anasahihisha mpaka aseme "hapo sasa".

Nitakupa mfano mmoja. Alikuja mama ana mtoto mgongoni, amesimama kando, nikamwambia mama karibu, ungekuwa na uwezo ungeweka nini hapa? Akasema, "Mwanangu mimi sijasoma mambo ya ramani." Nikamwambia basi tusichore, nionyeshe tu kwa miguu. Akatoka mezani, akaenda hadi chini ya mti, akafungua lesu yake akaitandaza chini, akasema hapa mtoto analala, akapiga hatua tatu, hapa naweka beseni langu, akapiga hatua mbili nyingine, na hapa mteja anasimama bila kumkanyaga mtoto. Kijana wetu akamfuata na majivu akizungushia kila kitu. Tulipopima tukapata karibu mita tano kwa tatu. Hicho ni kipimo cha kweli cha kibanda cha mama mwenye mtoto, na hakuna mtaalamu ambaye angekitoa kichwani. Kilipoingia kwenye mchoro wa mwisho hakikubadilishwa hata kidogo.

Muda toa wiki sita angalau, na usitoe mwito wakati wa kupanda ama wiki ya mitihani. Tangaza redioni kipindi cha jioni, msikitini, kanisani, kwenye steji za boda, na uwape cheamani wa LC karatasi za kubandika. Ada ya kushiriki isiwepo kabisa, hata shilingi elfu moja inafukuza watu.

Kuchagua sasa. Tundika kazi zote kwenye kamba pale pale uwanjani, zenye mchoro mzuri na zenye mwandiko mbaya zikae kamba moja, wiki nzima, ikinyesha zitolewe zirudishwe. Kila anayepita apewe maharage matatu aweke kwenye makopo ya mawazo anayoyapenda. Maharage hayaamui peke yake, kwa sababu mwenye ndugu wengi atashinda, lakini kamati lazima iyahesabu na ieleze ikienda kinyume. Kwenye kamati weka msanifu majengo aliyesajiliwa, injinia wa jiji, mwakilishi wa wauzaji, wa boda, mtu mwenye ulemavu, na vijana wawili chini ya miaka 25, mmoja awe msichana. Waambie kabisa watafute mawazo, wasitafute mshindi mmoja. Uwanja mzuri unaweza kuchukua kivuli kwa huyu, choo kwa yule, na njia ya ngoma kwa mwingine.

Na tafadhali linda jasho la watu. Namjua kijana aliyepeleka mchoro wake mahali, akaambiwa asante hukushinda, mwaka uliofuata akaona paa lake lile lile kwenye bango kubwa bila jina lake. Hajashiriki tena kitu chochote. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya 2006 inalinda kazi ya aliyeibuni, kwa hiyo andika kwenye mwito kwa lugha nyepesi: kazi inabaki yako, tukiitumia jina lako litaandikwa na utalipwa kiasi hiki. Zawadi gawanya kwa wengi, laki mbili kwa watu kumi inafanya kazi kuliko milioni mbili kwa mmoja.

Kabla ya kujenga, jaribu kwa vitu vya kuazima. Times Square ya New York mwaka 2009 walizuia magari kupita barabarani, wakaweka viti vya bei rahisi vya kukunja, watu wakaja kukaa siku hiyo hiyo, na mambo ya kudumu yakafuata baadaye. Sisi tuliazima maturubai mawili ya harusi, benchi za kanisa na matairi yaliyopakwa rangi, tukachora steji mpya ya boda kwa chokaa, wiki tatu. Steji tuliyoichora haikufanya kazi, madereva walirudi kona yao ya zamani siku ya pili, tulipowauliza wakasema kule mpya hawaoni abiria akishuka kwenye takisi. Kosa hilo lilitugharimu mfuko mmoja wa chokaa.

Mwisho wa yote rudisha jibu. Weka ubao pale uwanjani, sio ofisini, wenye safu mbili: mawazo tuliyochukua na mawazo tuliyoacha, na kando ya kila lililoachwa sababu yake kwa sentensi moja, pesa, maji, sheria ama nafasi. Andika na tarehe kamati itakapokaa tena, na namba ya simu ambayo mtu anapokea kweli. Tarehe ikibadilika, nenda ukaibadilishe kwa mkono siku hiyo hiyo, maana wale mama wa malewa wanapita hapo kila asubuhi na wanausoma.