Fimbo ya pool: mbao au grafaiti? Chagua hivi

Ukiwa wacheza pool Mombasa jua adui wa fimbo ya mbao ni huu unyevu wetu wa bahari, mimi yangu niliiegemeza ukutani msimu wa mvua mzima, kuja kuichukua imepinda kama upinde, niliumia sana wallahi.

Kabla hujatoa pesa, ilaze mezani uivingirishe polepole, chungulia chini yake, ukiona mwanga unaingia na kutoka au ncha yaruka ruka, wacha. Halafu inyanyue hadi jichoni uitazame kama unalenga bunduki, maana meza nyengine nazo haziko sawa zitakudanganya. Gusa pia pale inapofungwa kwa skrubu, pasiwe pamelegea.

Grafaiti, yaani ile ya nyuzi za kaboni, haipindi kwa unyevu, na ikichafuka jasho na chaki waipangusa tu kwa kitambaa chenye maji kidogo yaisha. Mbao usiitie maji kabisa, kitambaa kikavu, na ilaze ndani ya begi lake, usiiache garini juani.

Lakini mkononi ni mambo mengine! Mbao ya mepo (maple, mti mgumu wa kutengenezea fimbo) ukipiga wausikia mpira hadi kwenye kiganja, ile "tok" nzito. Grafaiti ni ngumu, sauti kali, wengine hawaizoei. Uzito anza na gramu 540 hivi.

Ncha ya kupigia, kwa fimbo za aina zote mbili, kwa kawaida ni ngozi, ikilainika kama kioo ikwaruze kwa msasa kidogo ndio chaki ishike.

Mimi, kwa hapa pwani na kwa anayeanza, nasema grafaiti.