Jozi nne zote 39, inayonitosha ni moja

Asubuhi hii nimetoa viatu vyangu chini ya kitanda, jozi nne, na zote zimeandikwa 39. Raba nyeusi inanibana kidole gumba mpaka ukucha umeanza kubadilika rangi, flati za kazini zinapwaya kisigino kinachomoka kila nikipanda matatu, champali za ngozi zimezidi mbele upana wa kidole kizima, na jozi moja tu ndo naivaa kutoka Kisauni mpaka mjini Mombasa na kurudi bila kukumbuka kama nina miguu. Kwa hivyo siku hizi mtu akiniuliza "wavaa namba ngapi?" simtajii namba, namtajia sentimita. Na hilo ndo nataka nikuonyeshe leo, manake watu wengi wanaumia kwa kuamini kile kinamba kwenye soli, na mguu ukishaharibika kuurudisha ni kazi.

Ujue kwanza kwa nini namba hazielewani. Kiatu kinashonwa juu ya kalibu, ule mfano wa mguu wa mti au plastiki, na namba inatoka kwa hio kalibu, mguu wako haukuulizwa. Namba za Ulaya, hizi 38, 39, 40, kutoka moja mpaka nyengine ni theluthi mbili za sentimita, kama milimita 6.7. Namba za Uingereza, 5, 6, 7, kutoka moja mpaka nyengine ni theluthi ya inchi, karibu milimita 8.5, kipimo cha zamani cha punje ya shayiri. Hatua hazilingani basi hata ukizipanga vipi hazikutani sawasawa, kila kampuni inakata inavyoona. Chukua raba za kiume, 8 ya Uingereza kwa Nike ni 42.5 ya Ulaya na ni 9 ya Marekani, kwa Adidas 8 hio hio ni 42 na ni 8 na nusu ya Marekani. Angalia sasa sentimita, Nike wanaandika 27, Adidas 26.5. Hao ni wakubwa wenye vipimo vyao vimeandikwa, je hivi viatu visivyo na jina vinavyomwagwa barabarani? Juu ya hapo kampuni moja inaacha nafasi ya sentimita moja mbele ya vidole na nyengine inaacha mbili, na upana mara nyingi haumo kwenye namba kabisa. Ndo unakuta mtu mguu wake ni mpana anapanda namba mbili ili aingie, kisha kiatu kinakuwa kirefu kama ngalawa na bado ubavuni kinambana.

Kwa hivyo pima mguu wako. Usipime asubuhi. Mguu hufura kadiri siku inavyokwenda, na kwa joto letu hili, khasa Januari mpaka Machi, mguu wa saa moja asubuhi na mguu wa saa kumi na moja jioni ni miguu ya watu wawili. Subiri urudi kazini, au baada ya alasiri ukiwa umeshatembea tembea. Weka karatasi kwenye sakafu tupu, si juu ya mkeka wala zulia, iguse ukuta, simama wima kisigino kikigusa ukuta na uzito wako wote uko chini, halafu umwambie mtu akuwekee alama pale kidole kirefu kinapoishia. Nasema mtu mwengine kwa sababu ukiinama mwenyewe uzito unahama na kipimo kinabadilika. Kalamu isimame wima, isilale chini ya mguu. Na kidole kirefu si lazima kiwe gumba, wengine ni kile cha pili, kwa hivyo angalia. Kisha pima upana pale palipotanuka zaidi, kutoka kifundo cha gumba mpaka kifundo cha kidole cha mwisho. Fanya miguu yote miwili, hailingani karibu kwa kila mtu, wangu wa kushoto ni 24.1 na wa kulia 24.6. Unanunua kwa ule mkubwa, mdogo utatafutiwa dawa baadae.

Ukitaka kujua uanzie namba gani, chukua urefu wa mguu, ongeza sentimita moja na nusu, zidisha kwa moja na nusu. Wangu 24.6 inakuwa 26.1, ukizidisha inakuja 39 na kidogo. Hio ni namba ya Ulaya ya kuanzia kuulizia tu, ili muuzaji ajue ashushe boksi gani. Ndani ya ulimi wa raba nyingi kuna kibandiko, tafuta palipoandikwa CM au JP (namba ya Japani), hapo ndo pana maana kwako kwa sababu inataja urefu wa mguu unaotakiwa kuingia, si urefu wa kiatu. Viatu vingi vya Uchina vinaandika kwa milimita, ukiona 245 ni mguu wa sentimita 24 na nusu, na kinamba kidogo kwenye mabano pembeni, kama 1.5 au 2.5, ni upana, kikipanda kiatu ni kipana zaidi. Mimi nilikaa miaka na hivyo vibandiko bila kujua vinasema nini.

Sasa soko la Kongowea. Kwa mitumba kuna shida mbili, mzigo mzuri unaupata asubuhi na mguu wa asubuhi ni mdogo, kisha unanunua umesimama kwenye msukumano huna pa kukaa. Dawa yake nimefunzwa na nyanyangu na mpaka leo sijaona iliyo bora: uchelewa, kile kijiti chembamba cha ufagio. Ng'oa uchelewa mmoja kwenye ufagio, ule mgumu wa chini, pima jioni mguu wako mkubwa kisha uukate uzidi mguu kwa sentimita moja. Weka mkobani. Ukifika sokoni unaupenyeza ndani ya kiatu mpaka uguse mbele kabisa, halafu unaulaza chini kwenye insoli, kile kitandiko cha ndani ya kiatu. Ukilala wenyewe na ncha ya nyuma ikagusa kisigino, hicho kiatu kina urefu wako. Ukipinda kama upinde, kifupi, kirudishe usijisumbue kuvua ulichovaa. Ukicheza mbele na nyuma, kirefu. Unapitia viatu kumi kwa dakika tano. Kwa kumnunulia mtu aliye nyumbani ni hivyo hivyo, mtoto, mzee, hata bwana asiyependa kwenda sokoni, kata uchelewa wake utie alama ya kalamu usichanganye.

Ukishapata urefu, chomoa insoli kama haijagundishwa, iweke chini uikanyage. Vidole visivuke ukingo, na mbele pabaki kama upana wa kidole gumba cha mkono. Hapo hapo utaona alama ya mguu wa mwenyewe wa kwanza, kama amechimba shimo la gumba mahali ambapo gumba lako halifiki, hicho kiatu kimeshakuwa cha mtu, kitakugombeza kila siku. Angalia namba za viatu vyote viwili, mitumba huchanganyika, nishabeba kushoto 39 na kulia 40 nikagundua nyumbani. Kisha kikunje. Kiatu kizuri kinakunjika pale vidole vyako vinapokunjikia, kikikunjika katikati ya unyayo kitakuchosha hata kama urefu ni sawa. Na ubonyeze soli kwa ukucha, zile za povu zilizokaa sana stoo na unyevu hugeuka kama mkate mkavu, zikamomonyoka njiani wiki hio hio.

Muuzaji atakwambia "chukua dadangu, hii ngozi itaachia". Ngozi huachia upana kweli, lakini urefu hauongezeki hata ukivaa miaka mitatu. Kama vidole vinagonga mbele leo, vitagonga daima. Na kama ni plastiki au mpira wa kutengeneza, haiachii hata upana.

Dukani, iwe Digo Road au Biashara Street, vaa vyote viwili, funga kamba, simama. Watu wanajaribu kimoja wakiwa wamekaa, basi hawajajaribu. Tembea kwenye sakafu ngumu mpaka mlangoni na kurudi, kama kuna ngazi zitumie, ukishuka ndo utajua kama vidole vinateleza mpaka mbele. Nenda na soksi utakazovalia, au bila soksi kama hutavaa. Wakati wa kununua viatu vya Idi watu wanatoka usiku baada ya futari, na kusema kweli kwa miguu huo ni wakati mzuri, umeshashinda siku nzima. Ubaya ni haraka, duka limejaa, watoto wanalia, unachukua ili utoke. Nenda siku za mwanzo mwanzo za Ramadhani ujaribu kwa raha.

Kwetu viatu vinavuliwa sana, msikitini, mlangoni, kwa jirani, kwa hivyo tunapenda vya kutumbukiza bila kamba. Hakuna ubaya, lakini hivyo havina kitu cha kukaza, namba ikizidi kidogo tu vidole vinaanza kujikunja ili vishike kiatu kisitoke, na jioni unyayo unauma hujui kwa nini. Cha kutumbukiza kinatakiwa kikushike juu ya mguu na kisigino bila kubana vidole. Makubadhi afadhali umwendee fundi akuchore mguu kwenye karatasi akukatie, kisigino kisitoke nje ya soli, na ukanda aukaze kidogo kwa sababu ngozi mpya baada ya wiki mbili tatu za jasho hulegea.

Viatu vya shule, Januari, hapa wazazi tunakosea sana. Tunanunua kikubwa mno avalie mwaka mzima, mtoto anaburuta miguu. Nafasi ya mbele upana wa kidole gumba chako inatosha, kisha kagua kila miezi mitatu kwa kuuingiza uchelewa mpya. Usimuulize tu kama kinabana, mtoto akikipenda kiatu atakwambia hakibani. Na namba za Uingereza za watoto zikifika 13 zinaanza tena 1, kwa hivyo 1 ni kubwa kuliko 13, usirudishe boksi kwa muuzaji ukidhani amekosea.

Jambo moja nalisema kwa uzito wake. Mamangu ana sukari, na sukari ikikaa sana huchukua hisia za miguu. Alivaa kiatu kilichomchubua kidole wiki nzima hakusikia kitu, nikaona mimi nilipokuwa namkata kucha, kidonda kishatokea kama ukubwa wa punje ya mahindi. Tulikishughulikia hospitali kikapona alhamdulillahi, lakini kwa mtu wa sukari neno "nasikia kiko sawa" halitoshi. Mkanyagishe insoli, uone kwa macho nafasi ya mbele na ya ubavuni, tia mkono ndani upapase mishono, kiatu kipya akivae saa moja tu nyumbani kisha avue umuangalie mguu mzima mpaka katikati ya vidole. Wajawazito pia, mguu ukitanuka wakati mwengine haurudi baada ya kuzaa, na sote umri ukienda unyayo hushuka na kutanuka, kwa hivyo kipimo cha miaka mitano iliyopita si chako tena.

Kununua kwa simu: raba yangu nyeusi ndo niliagiza hivyo, muuzaji alisema "39 ni 39 tu", nikatuma pesa. Sasa siulizi namba. Namwambia achomoe insoli, ailaze kando ya rula, anipigie picha. Namuuliza pia upana wa insoli pale palipotanuka. Na tunakubaliana kabla ya M-Pesa kutoka, kisipotosha kinabadilishwa ama la, na boda ya kurudisha atalipa nani. Muuzaji akikataa kupima, nampita. Kwenye simu nimeweka vipimo vya nyumba nzima na tarehe niliyopima.

Na kama ushanunua? Kinachopwaya kidogo kina dawa, insoli nyembamba chini, au kipande cha sponji chini ya ulimi kinachosukuma mguu nyuma ukae kwenye kisigino, na hio weka kwenye kile cha mguu mdogo tu. Kinachobana ubavuni kama ni ngozi mpelekee fundi akitie kwenye kalibu akilaze nayo siku mbili. Usikianike juani ili kilainike, jua letu linaachisha gundi na soli inafunguka mdomo. Kilicho kifupi hakina fundi. Ile raba yangu nimeshaisafisha, jumamosi inakwenda kwa binti wa khalati, mguu wake ni 23.4, nimempima mwenyewe jana jioni.